Betri za Umeme: Baridi Hukopa, Joto Huiba

Ndugu Mhariri,

Naomba unipatie nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nizungumze na wasomaji wenzangu juu ya jambo ambalo wengine wataliona kuwa ni la watu wa mjini tu, kumbe limekwisha fika mpaka vijijini kwetu. Jambo lenyewe ni betri za magari, bajaji na pikipiki zinazokwenda kwa umeme, na namna ya kuzikinga na joto na baridi.

Kilichonifanya nishike kalamu ni kijana mmoja niliyemfundisha hapa shuleni, ambaye sasa ni dereva wa bodaboda. Jioni moja alikuja kwangu akisukuma pikipiki yake ya umeme badala ya kuipanda. Baada ya shikamoo na marahaba alinieleza shida yake. Pikipiki aliinunua kwa mkopo. Siku za mwanzo alikuwa akiichaji usiku, anabeba abiria kutwa nzima, kiasi cha kilometa 70, na kurudi nyumbani salama. Mwaka mmoja na miezi michache baadaye chaji ilikuwa ikimwishia kwenye kilometa 45. Zaidi ya theluthi moja ya nguvu ya betri ilikuwa imekwenda, lakini deni lilikuwa palepale likidai fedha ya pikipiki nzima.

“Mwalimu,” aliniuliza, “betri haijaanguka, haijaingia maji, wala sijaifungua. Sasa imeliwa na nini?”

Kesho yake niliomba kwenda kuona mahali anapoiweka. Nilikuta kibanda cha mabati, mabati juu na mabati ubavuni, hakuna dirisha. Kijana alikuwa na kawaida ya kurudi saa nane mchana kula, akitoka kukimbia juani, na palepale huichomeka betri kwenye chaji ndani ya kibanda kile mpaka ijae kabisa. Niliingia na kipimajoto cha shule. Kilisimama kwenye nyuzi 44 za Sentigredi. Hapo mwizi akawa amejulikana. Mwizi ni joto.

Ndugu Mhariri, watu wengi wanadhani kwamba baridi na joto huidhuru betri kwa namna moja. Hilo si kweli, na tofauti yake ndiyo ninayotaka wananchi waielewe. Baridi hukopa, joto huiba. Nguvu inayochukuliwa na baridi hurudishwa betri ikipata vuguvugu. Nguvu inayochukuliwa na joto hairudi tena, hata ukilihamisha gari likalale mlimani.

Kwa kuwa mimi ni mwalimu, niruhusuni nitoe mfano wa jikoni. Nilisomea ualimu Tandala, Wilaya ya Makete, ambako mwezi wa Juni na Julai baridi ni kali, na huko uwanda wa Kitulo umande huganda alfajiri ukawa mweupe juu ya majani. Sasa ninafundisha tambarare ya Same, ambako jua halina huruma. Ukiweka samli Makete usiku, asubuhi utaikuta imeganda, haimiminiki. Iweke karibu na moto, itayeyuka na kuwa samli ileile. Lakini ukiacha maziwa mabichi juani hapa Same, mchana yamechacha, na hata ukiyapeleka Makete hayatarudi kuwa maziwa mabichi. Betri kwenye baridi ni kama samli. Betri kwenye joto ni kama maziwa.

Sasa tuingie ndani ya betri yenyewe. Betri za magari ya umeme ya siku hizi ni za lithiamu. Kila chumba cha betri kina pande mbili. Upande mmoja kwa kawaida ni wa kinywe, madini yaleyale yanayopatikana huko Mahenge, na upande wa pili ni wa mchanganyiko wa madini mengine yaliyofungamana na lithiamu. Katikati kuna kimiminika cha dawa na utando mwembamba unaozuia pande hizo zisigusane. Unapochaji, chembe za lithiamu husafiri ndani ya kimiminika na kwenda kujipanga katika kinywe. Unapoendesha, hurudi zilikotoka. Kwenda na kurudi huko ndiko uhai wa betri.

Baridi ikizidi, kimiminika huwa kizito na chembe hutembea polepole. Betri hushindwa kutoa nguvu yote iliyo nayo, na kuchaji huchukua muda mrefu. Jambo moja la hatari ni kuichaji kwa nguvu ikiwa imepoa chini ya sifuri. Hapo chembe huwahi kufika kwenye kinywe kuliko kinavyoweza kuzipokea, kwa hiyo hujibandika juu yake zikawa lithiamu tupu. Zilizobandika hivyo nyingi hazirudi kazini, na zikizidi zinaweza kuunganisha pande mbili na kuleta hitilafu. Hapo ndipo hata baridi, ambayo kwa desturi hukopa tu, nayo hugeuka kuwa mwizi.

Joto lenyewe hufanya kazi yake kimyakimya. Juu ya kinywe kuna ngozi nyembamba ambayo hujitengeneza betri inapoanza kutumika, na ngozi hiyo ni kinga. Lakini kila joto linapopanda, dawa na kinywe huzidi kuunguzana, ngozi inanenepa, na kila inaponenepa inameza chembe za lithiamu ambazo zingefanya kazi. Wanakemia wana kanuni ya kukadiria kwamba joto likipanda nyuzi 10 mwendo wa mambo ya namna hii huongezeka kama mara mbili. Ndiyo maana betri iliyokaa kwenye nyuzi 45 huzeeka upesi kuliko iliyokaa kwenye nyuzi 25, hata kama zote mbili hazikuendeshwa. Na ikiwa imejazwa chaji mpaka pomoni huku imekaa jotoni, uharibifu huzidi. Kijana wangu alikuwa akifanya yote mawili kila siku bila kujua.

Huenda msomaji akasema haya ni mambo ya pikipiki ya mkopo kijijini, magari makubwa ya Ulaya na Japani hayana shida hiyo. Yalikwisha kuwa nayo. Mwezi Desemba mwaka 2010 kampuni ya Nissan ya Japani ilianza kuuza gari la umeme liitwalo Leaf. Lilikuwa gari zuri, lakini betri yake haikuwekewa mfumo wa kupozwa kwa maji kama rejeta inavyopoza injini. Ilitegemea joto lijitokee lenyewe. Katika nchi ya baridi mpango huo hauna tatizo kubwa. Lakini magari mengine yaliuzwa Phoenix, katika jimbo la Arizona, Marekani, mji uliojengwa jangwani, ambako kiangazi nyuzi 40 ni jambo la kila siku. Mwaka 2023 mji huo ulipita siku 31 mfululizo ambazo kila moja ilifika nyuzi 43 au zaidi.

Mwaka 2012 wenye magari hayo huko Arizona walianza kulalamika. Gari la Leaf lina vistari 12 vinavyoonyesha uzima wa betri, navyo vilikuwa vikizimika kimoja kimoja katika magari ambayo hayakuwa na umri hata wa miaka miwili. Kampuni ilichukua baadhi ya magari hayo ikayapima katika kituo chake hukohuko Arizona, na wenye magari wengine walifungua kesi. Mwishowe kampuni ilikubali kutoa dhamana: vistari vikishuka chini ya 9 kabla ya miaka 5 au maili 60,000, yaani karibu kilometa 96,000, betri ingetengenezwa au kubadilishwa. Baadaye ilitoa betri ya dawa nyingine inayostahimili joto zaidi, watu wakaipa jina la utani la betri ya mjusi.

Nataka tuzingatie jambo moja katika kisa hicho. Wenye magari wale hawakuvunja sheria yoyote ya kuendesha. Kosa lao lilikuwa kuishi mahali penye joto na kununua chombo ambacho ulinzi wake haukulingana na mahali hapo. Na wakati uleule kulikuwa na magari mengine, kama Chevrolet Volt, ambayo tangu mwanzo yaliwekewa mirija ya kupitisha maji maalumu ya kupoza betri. Kwa hiyo kinga ilikuwa inajulikana. Ni suala la kuiweka au kutoiweka.

Sasa tutazame upande wa baridi. Mwezi Januari mwaka 2024 mji wa Chicago, Marekani, ulipatwa na baridi iliyoshuka chini ya nyuzi 18 chini ya sifuri. Magari ya umeme yalipanga foleni ndefu kwenye vituo vya kuchaji, mengine yaliishiwa kabisa yakavutwa kwa magari ya kukokota. Betri zilikuwa zimepoa mno hata zikakataa kupokea umeme kwa haraka, na madereva wengi hawakuzipasha moto kabla ya kufika kituoni. Picha zake zilienea duniani, na watu wakasema magari ya umeme hayafai. Lakini nchi ya Norwei ina baridi kali kila mwaka, na mwaka 2024 karibu magari 9 katika kila magari 10 mapya yaliyouzwa huko yalikuwa ya umeme. Wanorwei wamejifunza. Gari linachomekwa nyumbani usiku, na kabla ya safari betri na viti vinapashwa moto kwa umeme wa ukutani, si kwa umeme wa betri.

Chama cha wenye magari cha Marekani, kiitwacho AAA, kilipima magari 5 ya umeme na kutangaza matokeo mwaka 2019. Katika baridi ya nyuzi 7 chini ya sifuri, mtu akiwasha kipasha joto cha ndani, umbali wa kusafiri kwa chaji moja ulipungua kwa wastani wa asilimia 41. Katika joto la nyuzi 35, mtu akiwasha kipoza hewa, ulipungua kwa asilimia 17. Asomaye harakaharaka ataona kwamba baridi ni mbaya kuliko joto. Hapana. Hesabu hiyo ni ya siku moja. Ile asilimia 41 hurudi siku ya vuguvugu. Lakini hesabu ya siku moja haionyeshi kile ambacho joto hukiondoa katika betri yenyewe mwaka hata mwaka. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Mkopo wa baridi unaonekana mara moja, mwenye gari analalamika siku hiyohiyo. Wizi wa joto hauonekani mpaka umekwisha fanyika.

Sisi wa Afrika Mashariki tumo zaidi katika hatari ya wizi kuliko ya mkopo. Nairobi magari ya Leaf yalianza kutumika kama teksi mwaka 2018. Magari ya umeme yaliyotumika Japani yanauzwa nje, na mengine yanafika kwetu. Mtu anayenunua gari la namna hiyo huangalia rangi, matairi na idadi ya kilometa. Kumbe sehemu yenye thamani kubwa kuliko zote ni betri, nayo haionekani. Katika magari ya mwanzo ya Leaf, kistari cha kwanza hakizimiki mpaka takriban asilimia 15 ya uwezo iwe imepotea. Kwa hiyo hata vistari 12 kamili haviapii kwamba betri ni mpya. Fundi mwenye chombo cha kusoma kompyuta ya gari anaweza kukupa jibu zuri zaidi, na gharama yake ni ndogo ukilinganisha na bei ya betri nyingine.

Ndugu Mhariri, kwa kuwa si vizuri kutaja ugonjwa bila kutaja dawa, naomba nieleze yale ambayo mwananchi wa kawaida anaweza kuyafanya bila gharama.

Kwanza, kivuli. Gari, bajaji au pikipiki ya umeme isiegeshwe juani kutwa. Chini ya mwembe ni bora kuliko ndani ya kibanda cha mabati kisicho na dirisha, maana kibanda hicho ni tanuri. Kama huna budi kutumia mabati, acha nafasi ya hewa juu ya ukuta, na ukiweza weka dari ya makuti au nyasi chini ya bati.

Pili, chombo kikitoka kwenye kazi nzito usikichaji papo hapo. Kiache kivulini mpaka ukiigusa betri kwa mkono usisikie joto. Kuchaji nako huzalisha joto, kwa hiyo kuchaji betri yenye moto ni kuongeza kuni kwenye jiko linalofoka. Saa nzuri ni usiku wa manane kuelekea alfajiri, kukiwa kumepoa.

Tatu, usiijaze pomoni na kuiacha ikikaa, wala usiimalize kabisa. Kwa betri nyingi za lithiamu, matumizi ya kila siku kati ya asilimia 20 na 80 huirefushia maisha. Safari ndefu ikikusubiri, ijaze na uondoke nayo mapema. Zipo betri za aina nyingine ya lithiamu, zile za chuma na fosfeti, ambazo watengenezaji huelekeza zijazwe kabisa mara kwa mara, kwa hiyo kitabu cha mtengenezaji ndicho cha kufuatwa.

Nne, kuchaji kwa haraka kusifanywe mazoea wakati wa joto. Kunafaa mtu akiwa safarini, lakini umeme mwingi unaoingizwa kwa dakika chache huipandisha betri joto, hasa ile isiyo na mfumo wa kupoza.

Tano, kwa ndugu zetu wa Makete, Njombe na kwingineko kwenye baridi, chombo kilichokesha nje alfajiri ya jalidi kisichajiwe kabla hakijapata joto la jua au la ndani ya nyumba. Afadhali kuchaji jioni mara baada ya kazi, betri ingali na uvuguvugu wake. Msije mkaipasha kwa makaa au jiko. Betri ya lithiamu ikipata moto wa kweli huweza kuwaka, na moto wake ni mgumu kuzimika.

Sita, anayenunua aulize swali moja kabla hajatoa fedha: betri hii inapozwa na nini? Akiambiwa inapozwa kwa maji, ajue kwamba maji hayo nayo yanataka kuangaliwa kama ya rejeta. Akiambiwa haipozwi na chochote, ajue kwamba kazi ya kupoza ameachiwa yeye.

Baada ya hayo, ninao wito kwa wahusika. Kijana wangu alipewa kitabu cha maelekezo. Kilikuwa cha Kiingereza, maandishi madogo kama mchwa. Aliporudi kwa waliomuuzia akaambiwa kwamba alitumia vibaya, na kwamba dhamana haihusu betri iliyochajiwa kwenye joto. Maneno hayo yalikuwa kitabuni kweli. Niliyasoma mwenyewe. Lakini hakuna aliyemwambia siku anatia sahihi. Je, ni haki mtu kuhukumiwa kwa maandishi ambayo hakusomewa?

Napendekeza kila chombo cha umeme kinachouzwa nchini kiwe na maelekezo ya betri kwa Kiswahili, ukurasa mmoja tu, wenye herufi zinazosomeka. Napendekeza dhamana ya betri iseme wazi inalinda kiasi gani cha uwezo na kwa miaka mingapi, kama walivyolazimika kuandikiwa watu wa Arizona. Shirika letu la Viwango liangalie kwamba betri zinazoingia zinafaa kwa joto la Dodoma, Same na Pwani, si kwa hali ya hewa ya zilikotoka. Vyuo vya VETA vifundishe mafundi wetu kupima uzima wa betri, ili mnunuzi wa gari lililotumika awe na mtu wa kumwuliza asiyekuwa muuzaji.

Nasi walimu tusikae pembeni. Somo la joto lipo katika sayansi ya shule za msingi. Badala ya kuwakaririsha watoto tu kwamba joto huharakisha mabadiliko ya kikemia, tuweke kikombe cha maziwa juani na kingine kivulini, kisha tuwaambie kwamba ndani ya pikipiki ya kaka zao kuna maziwa ya namna hiyo.

Watu wataniuliza kijana ameishia wapi. Tulibomoa upande mmoja wa kibanda tukaweka fito, tukashusha nyasi chini ya bati. Sasa saa nane mchana kipimajoto kinasimama kwenye 33. Anachaji saa kumi usiku, na haijazi mpaka pomoni. Zile kilometa 25 zilizopotea hazikurudi, wala hazitarudi, nami sikumdanganya kwamba zitarudi. Lakini miezi saba imepita na zile 45 zilizobaki bado ziko karibu zilezile. Deni analilipa kwa kuamka mapema na kuchagua safari fupi. Amebakiza marejesho ya miezi mitano.

Wapo wengi wanaotia sahihi mikopo ya namna hii wiki hii. Hao ndio ninaowaandikia, kabla kibanda hakijawa tanuri.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Same, Kilimanjaro.